Shaba ya Kujaribu Motoni

Manyoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea mbili, moja yangu na moja ya mjukuu wako Msengi, maana yeye bado anasema "ba" tu, mate yakimtiririka kwa sababu ya meno yanayoota. Kifua chako kimepoa? Na kuhama je, mmeshamaliza? Nasikia katika kijiji kipya nyumba zinapangwa kwa mistari, nikajiuliza mivukuto yako ya uhunzi wameipangia mstari gani. Tabitha mdogo wangu, wewe unayemsomea baba, soma polepole, usiruke kitu, hata kile kitakachomfanya akunje uso.

Huku tu wazima. Sabuni ni ya kutafuta, lakini mtama upo na mtoto ananyonya vizuri. Ninachotaka kukueleza ni kazi ya mume wangu Yohana. Najua hupendi habari zake. Siku alipokuja kuposa ulisema mbele ya watu, "Huyu ni fundi wa makopo. Anakata, hafui." Ulituruhusu, lakini tangu hapo mguu wako haujafika kwetu, hata mtoto alipozaliwa. Yohana hanung'uniki. Mimi ndiye linanikaa moyoni.

Sasa sikia. Kuna mzee Mwarabu hapa mwenye duka, Mzee Salehe, ana gari la zamani la wakati wa Waingereza. Analipenda mpaka mkewe humwambia, "Lala nalo basi!" Ng'ombe aliligonga mbele, ile pete inayong'aa kuzunguka taa ikapasuka. Vipuri vyake haviji tena. Akamletea Yohana pete iliyovunjika, akamwambia, "Nifanyie kama hii."

Yohana alikaa na ile pete siku nyingi akiigeuzageuza. Bati la debe linakatika vizuri, lakini likichubuka tu linaota kutu. Sufuria kuukuu inakunjika upesi, lakini ni laini mno, kokoto moja la barabarani linaibonyeza. Chuma kingemshinda kwa vifaa alivyo navyo, na kutu iko pale pale. Ndipo akaikwangua pete yenyewe kwa kisu, akaniita. Ule weupe wa juu ulikuwa kama ngozi tu. Ndani ilikuwa shaba ya njano.

Mzee Salehe akaambiwa mpya itang'aa njano, si nyeupe. Akasema, "Mwarabu gani umemwona akikataa shaba?" Akaleta sinia la shaba la nyumbani kwake lililotoboka. Mkewe alilifuata mpaka mlangoni kwetu akililalamikia.

Yohana akakata, akagonga juu ya gogo alilolichonga duara. Ikapasuka. Akakata tena, ikapasuka pale pale kwenye mkunjo. Sinia likabaki kipande cha kutosha pete moja tu. Akaniuliza, "Binti wa mhunzi, nikiipasha moto?" Nikamwambia, thubutu! Mimi nimevuta mivukuto tangu mdogo, nimemwona baba akilipasha jembe moto na kulitumbukiza majini, linatoka gumu. Utaimaliza kabisa. Akanisikiliza, baba, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha.

Kesho yake nilikiweka kipande kimoja kilichopasuka chini ya chungu, jiko lilikuwa linayumba. Kikawa chekundu. Nikaona Msengi anakitambalia, nikakivuta kwa kijiti na kukitupa kwenye beseni la vyombo. Nilipokuja kuosha nikakishika, kikajikunja mkononi kama ukanda wa ngozi uliolowa! Nikapiga kelele. Yohana akaja mbio akidhani mtoto ameungua. Akakikunja, akakikunjua, akacheka mpaka akakaa chini. "Ndio uhunzi wa kwenu Misigiri huo? Mnafua kwenye maji ya vyombo?"

Basi shaba si kama chuma. Moto na maji vinavyokifanya chuma kigumu, shaba vinailainisha. Ukiigonga inakaza, unairudisha motoni, inakubali tena. Yohana alifua hivyo hivyo kidogo kidogo kwa kile kipande cha mwisho. Pete ikatoka. Mzee Salehe aliipitishia kidole mzunguko mzima, kisha akaenda kumwita mkewe aje aone sinia lake.

Baba, nilisimama mlangoni nikimtazama Yohana akigonga, nikasikia mlio wa nyumbani. Anafua. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Mama mmoja anayerudi Kiomboi amekubali kupitia kwenu. Ndani ya kitambaa hiki nilichokishona kuna kile kipande kingine cha shaba kilichopasuka. Sasa hivi ni kigumu, jaribu kwa vidole uone. Kisha kitie motoni kwako, kichovye majini, halafu kijaribu tena. Nisingependa uniamini mimi, bali uamini mikono yako.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya tumbo la mtoto ilisaidia. Nisalimie shangazi mfuma vikapu, na bibi yangu umshike mikono kwa niaba yangu. Yohana anakupa shikamoo yake, na ameniomba niandike kwamba bangili ya kwanza ya mtoto ni kazi ya babu, yeye hataigusa. Ifue kwa shaba hiyo.

Kipimo cha mkono wa Msengi sikukuandikia. Nimekiacha huku, uje ukichukue mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Rebeka, mama Msengi