Nilizembea Sikukuu ya Idd, Lawama Akabeba Fundi

Shikamoo Bi Amne, mshauri wetu. Nakuomba unisikilize kwanza ndipo unilaumu, maana namshukuru Mungu kwa yaliyopita lakini chakula hakinishuki.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika zahanati binafsi hapa Korogwe, tuna kompyuta nne zilizounganishwa pamoja na historia za wagonjwa wote zimo humo, na siku mbili kabla ya Idd fundi wetu Muhsin aliniambia, "Dada, mkifunga ofisi zima zote, na ile njia ya kuingilia ukiwa nyumbani uifunge, wezi wa mtandao wanapenda siku ambazo watu hawapo," nikamwitikia sawa, lakini ripoti ya mwezi ilikuwa haijaisha na nilitaka kuimalizia kwetu Sindeni, basi nikaziacha zinawaka na njia nikaiacha wazi, tena kwa paswedi ambayo ni jina la zahanati na mwaka huu, nikaondoka zangu kwenda kula pilau.

Idd pili mchana naosha masufuria na mama, simu ikaita, kumbe ni nesi Catherine aliyebaki zamu ya dharura, anasema, "Faudhia, mafaili hayafunguki, kompyuta zimeandika tulipe ndipo tufunguliwe, na nina Bibi Hajira wa Lutindi hapa, homa kali, anaweweseka, najua kuna sindano inamdhuru lakini siikumbuki ni ipi!" Nikamwambia chomoa nyaya zote za mtandao, kisha nikampigia Muhsin, akaacha sahani yake mezani akaenda mbio, akafungua kabati anamoweka nakala ya kila Ijumaa, akaisoma kwa kompyuta yake mwenyewe, kumbe sindano inayomdhuru Bibi ndiyo Catherine alikuwa anakaribia kuichoma. Bibi alipewa dawa nyingine, siku ya tatu akarudi kwake anatembea.

Sasa mwenye zahanati, Mzee Habakuki, amemfukuza Muhsin kwamba alituacha bila ulinzi, na mimi akanisifu mbele ya wafanyakazi kuwa nilifikiri haraka. Muhsin aliikuta ile njia iko wazi, anajua ni mimi, akanitazama tu na hakunitaja. Nikisema naogopa kazi itaota mbawa, nikinyamaza nitaishije?

Faudhia, Korogwe

*

Marahaba, Faudhia. Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilikupigia siku ileile, maana jina la mtu lilikuwa linachafuka, na nilikuambia: nenda leo, kabla ya chakula cha mchana, sema "ni mimi" na usiongeze "lakini".

Ulikwenda. Jioni ulinipigia unalia na kucheka kwa pamoja. Mzee aliuliza, "Muhsin alijua?" Ukajibu, "Alijua." Akachukua simu mwenyewe: "Muhsin, mwanangu, nimekukosea. Rudi kazini." Wewe umepewa onyo la maandishi. Linakustahili, lipokee kwa mikono miwili. Kazi unayo, Bibi Hajira ni mzima, na chakula sasa kinashuka. Alhamdulillahi.

Sasa nikugombeze kidogo, na wenzako wa Korogwe wenye maduka na ofisi wasikie. Mtu akienda msibani hufunga mlango, hata kama amechelewa. Wewe ulimwachia nani ufunguo? Ripoti ingengoja! Kabla ya sikukuu, zima kompyuta zisizo na kazi, na ile ya zamu isiachwe na njia wazi ya kuingilia kutoka nje. Paswedi iwe ndefu, asiyoweza kuibahatisha hata mdogo wako. Nakala ichukuliwe siku ya mwisho ya kazi, ichomolewe, ifungiwe kabatini, na mara moja moja mjaribu kuifungua muone kama inasomeka. Kompyuta zilizoingiliwa asiziguse mtu mpaka Muhsin azisafishe, na wezi hao msiwajibu. Pelekeni taarifa polisi. Tena wa zamu aachiwe majina mawili ya kupigia, yaandikwe ukutani. Catherine alikupata kwa bahati tu, maana ungekuwa shambani kusiko na mtandao je?

Limebaki moja, na hili usimtumie kwa simu. Muhsin akirudi Jumatatu, simama mbele ya wafanyakazi wote, umwombe radhi kwa sauti wanayoisikia. Ulisifiwa hadharani; na yeye asafishwe hadharani.