Mpangaji Ndani ya Bakteria

Alhamisi, 14 Juni 1979

Sikunyamaza. Muhula uliopita niliposimama mbele ya klabu ya sayansi sauti ilinikauka, nikarudi kukaa, na leo nilihofia mambo yatakuwa yale yale.

Nilianza vibaya, macho sakafuni. Nikasema kuna virusi vinavyoingia ndani ya bakteria na, badala ya kuiua, vinatulia humo. Virusi vingine vya aina hiyo vikija baadaye kutafuta nafasi, vinazuiwa.

Kamau akapaza sauti kutoka nyuma, "Kwani kirusi ni soja wa bakteria?"

Wakacheka. Nikamjibu kabla sijapata nafasi ya kuogopa: "Si soja. Ni kama mpangaji aliyepata chumba hapa mtaani Ziwani. Hamlindi mwenye nyumba. Hataki tu mwingine aingize kitanda chake."

Wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

Mwalimu akauliza kama bakteria inafaidika. Nikasema ndiyo, kwa muda. Siku mpangaji huyo akianza kuzaana, nyumba hupasuka na watoto wake hutoka.

Bado sielewi vizuri jinsi mpangaji huyo anavyowafungia wenzake mlango. Hilo linanisumbua. Mwalimu alisema hata yeye itabidi asome.

Baada ya klabu Kamau alinifuata. "Hebu rudia ile ya nyumba kupasuka. Kirusi kinajuaje siku imefika?" Nilimweleza mpaka langoni, kisha tukasimama pale langoni, nami nikaendelea tu kuongea.