Kinywa Kilichofunikwa na Muhuri

Tata Mwepu, baba na mwalimu wangu,

Wewe baki umelala. Kuinuka-inuka nimeinuka mimi kwa ajili yetu wawili. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi, napuliza karatasi ambayo haina hata vumbi. Mke wangu amenifukuza jikoni mara mbili. Amesema, "Weye, keti! Unatembea sawa kuku ya kutafuta fasi ya kutaga."

Sababu ni wewe. Kesho tunamaliza kilio chako. Mwaka umetimia, mkeo Mama Feli anavua nguo nyeusi, na anataka uso wako uwe mezani, mbele ya watu wa parokia na wale wazee wachache waliobaki wa biro ya plani, ofisi yetu ya kuchora ramani za mgodi. Uso wa wino, wa nukta, kama ulivyotufundisha. Anakuja kuutazama leo hii, kabla jua halijashuka. Na mimi sijui kama ni wewe niliyekuchora au ni mtu mwingine wa mtaa wa Dilala anayefanana nawe.

Maana picha yako iko moja tu, Tata. Ulikimbia wapiga picha maisha yako yote. Imebaki ile ndogo ya karata ya kazi, kitambulisho cha kampuni, na karani aliyeigonga muhuri aliugonga kwenye kinywa. Macho yapo, pua ipo, yale masikio yako (samahani) yapo ya kutosha. Kinywa hakuna. Pale ni duara la zambarau na nusu ya jina la kampuni.

Na uliniomba. Hilo ndilo linalonitembeza hapa nyumbani. Ulikuwa kwenye baraza lako, miguu ndani ya beseni, ukasema, "Mukia, unichore mi, mbele ya kukuwa foto ya kilio." Nikacheka. Nikasema wiki ijayo, Tata. Wiki iliyofuata nilikuwa na kibao cha duka cha kupaka rangi. Kisha ikaja mvua. Kisha nikaumwa jino. Jino, Tata! Ungeketi mbele yangu mzima, unanung'unika, nami ningekutazama kinywa bure mchana kutwa. Badala yake nilikaa nyumbani nimeshika shavu.

Mukia. Hakuna anayeniita hivyo tena. Ulinipa jina hilo wiki yangu ya kwanza, kwa sababu nukta zangu zote zilikuwa na mikia kama viluwiluwi. "Gusa, inua. Gusa, inua. Nukta haiburutwe, haiko gunia ya makaa." Sasa nina mvi, na mkono ukichoka viluwiluwi vinarudi kuogelea.

Nikuambie nilivyoharibu, ucheke huko uliko. Uso wa kwanza niliuchora polepole, nukta kwa nukta, nikauona mzuri sana. Nikamwita Mzee Kasongo, unamjua, yule tuliyekaa naye meza moja. Akavaa miwani, akakutazama paji la uso, pale nilipojaza nukta nyingi kwa ajili ya kivuli, akasema, "Weee, Mukia! Apa iko madini mingi. Kama bachimbaji babone hii karatasi, kesho banamufukua." Alisema kweli. Mkono ulikwenda wenyewe kama kwenye plani za mgodi: pale penye utajiri, nukta zinabanana. Nilikuwa nimekuchora kama kilima cha shaba. Tena chini kwenye kona nilikuwa nimeweka mshale wa kaskazini, bila kujua! Mama Feli alipokuja akauona. "Na huu mushale ni wa nini? Unaogopa atapotea njia ya mbinguni?"

Uso wa pili ulikwenda vizuri hadi puani. Kinywa nikakitoa kichwani mwangu, kile ninachokijua mimi: kimefungwa, kimebana kofia ya kalamu, hakisemi kitu hadi saa ya kutoka. Mama Feli akakitazama muda mrefu. "Huyu simujui," akasema. "Kwangu hakunyamazaka ata siku moya."

Basi ulikuwa na vinywa viwili, Tata, kimoja cha biro na kimoja cha nyumbani, na mimi nilipewa kile cha kazi tu. Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa nimebakiwa na karatasi moja nene, ya mwisho katika zile zilizotoka Lubumbashi. Nikachora kila kitu na kuacha kinywa cheupe. Siku tatu nimekizunguka kile cheupe kama mbwa anayezunguka nyumba ya wageni.

Jana adhuhuri ndipo jambo lilipotokea. Unakumbuka "Inua!"? Kila adhuhuri sirene, king'ora cha mgodi, ilipolia, wewe ulipiga kelele, na biro nzima tukainua kalamu juu, mikono hewani kama watu wanaoporwa, hadi baruti ilipuke na meza ziache kutetemeka. Mimi ningali nainua, Tata. Siku hizi wanalipua karibu zaidi, saa wanayotaka wao, na sirene haifiki kwetu. Lakini ikifika adhuhuri mkono wangu unapanda wenyewe. Jana ulipanda. Nikangoja. Kimya. Nikajiona mjinga, nikaushusha, kalamu ikagusa karatasi, na hapo hapo ardhi ikaruka.

Tone. Si nukta, tone zima, pembeni ya kinywa, upande wa kushoto. Nilisema maneno ambayo sitayaandika kwa marehemu.

Nikachukua wembe nilikwangue. Mkono ukakataa. Wembe kwenye karatasi ile ungeacha kidonda, halafu nilikusikia kabisa, ile sauti yako ya kuniona nimekosa: "Usiikwangue. Ipatie majirani." Ndivyo ulivyosema kila mara. Nukta iliyopotea ni mgeni, ipatie majirani itakuwa na kwao. Basi nikaipatia. Moja juu, mbili kando, nyembamba, zinapanda kuelekea shavuni. Gusa, inua. Sikufikiri kinywa, nilifikiri majirani tu. Nilipoinua kichwa, kona ya mdomo ilikuwa imepanda upande mmoja, kidogo tu. Nikamalizia mdomo wote kwa kuifuata ile kona.

Sasa sijui. Labda ni wewe. Labda ni baruti.

Naweka kalamu. Geti limelia.

*

Amekwenda, Tata.

Aliingia, hakuketi. Alisimama mbele ya meza na mkoba wake kwapani, mimi nyuma yake nikiitazama shingo yake kama mwanafunzi anayengoja fimbo. Mke wangu naye akaja mlangoni na mwiko. Halafu Mama Feli akasema, "Ni yeye kabisa. Anataka kunisema juu ya chumvi."

Akaitazama tena picha, akaikemea kabisa, kwa sauti: "Nyamaza, Tata Feli. Kula."

Nami nikaenda kutafuta gazeti la kufungia, nikalitafuta muda mrefu, ingawa lilikuwa mezani.

Ameibeba kwa mikono miwili. Chini kwenye kona nimechora kile kisanduku cha majina cha plani zetu, safari hii bila mshale wa kaskazini. Penye "amechora" nimeandika Mukia. Penye "amehakikisha," pale ulipotia sahihi yako kila siku ukitikisa kichwa, pako wazi. Patabaki wazi.

Lala vizuri, mwalimu wangu. Hili moja nakuahidi: nimemwambia Mama Feli aje tena Jumatatu, aketi karibu na dirisha bila nguo nyeusi, nimchore mapema. Amesema Jumatatu ana nguo za kufua. Nimemwambia nitabeba kiti na wino hadi kwenye beseni lake. Hata jino likiuma.

Wako,
Mukia