Miaka Sita Niliyoipunguza

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi nipo, ila mwili huamka ukiwa umechoka tayari, na macho bado ya manjano. Habari za mwanao umezisikia? Hospitali nzima wanamwita Daktari wa Hesabu! Mpe umri wa mgonjwa wa ini na majibu ya damu, atakukadiria amebakiza miaka mingapi. Katoka tumbo hili, dada, la mimi niliyeishia darasa la saba.

Nikamwambia, "Nipigie hesabu na mimi." Kwa ugonjwa wangu huu wa mirija ya nyongo kuharibika kidogo kidogo, aliogopa jibu, akanikwepa wiki nzima. Juzi akaipiga, akarukaruka kama mtoto: "Mama, miaka minane! Basi naenda kusoma, nikirudi nitakukuta." Miaka mitatu ng'ambo, dada!

Sasa sikia. Alitumia umri ulioandikwa kwenye kitambulisho changu. Unajua mwenyewe nilivyopunguza miaka sita nilipoolewa, ili shemeji yako asijue kwamba namzidi. Ukiirudisha hiyo sita, ile minane haifiki, na sikuthubutu kuuliza ingebaki mingapi. Nikaendelea kumkunjia nguo za safari.

Kesho kutwa anakuja kukuaga, na unajua anavyodadisi. Akikuuliza mimi na wewe tumepishana miaka mingapi, mwambie umesahau. Ulivyozeeka, atakuamini. Mwache aende.

Ni mimi mdogo wako, mama wa daktari.