Kombi la Baba Limetoka Kizingo

Kibokoni, Mombasa
14 Septemba 2025

Kwa kaka yangu mpenzi Riyadh,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Salalah, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anasema ule vizuri, kwani kwenye picha ya Idi amekuona umekonda. Baba yuko karakanani kila asubuhi, na bado anagombana na msumeno wake.

Barua hii anakuletea Kamaludin, mume wa binamu yetu Swafia. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu mimi ningelia, wewe ungebadilisha maneno, tukaishia kuulizana hali kama kawaida yetu. Ndani ya bahasha mna kifurushi kidogo cha nailoni. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma.

Habari kubwa ni ya lile kombi. Ami Zein ameuza nyumba yake ya Kizingo, lilikolala tangu liharibike, na mwenye nyumba mpya alitupa muda mpaka Ijumaa tuliondoe uani, la sivyo angewaita watu wa vyuma chakavu walikate. Baba alipoambiwa alisema walikate tu, akaendelea kupiga randa. Gari aliloachiwa na wale watalii Wajerumani, akalitengenezea kwa mikono yake vitanda na kabati za msaji, gari lililotulaza Malindi na Takaungu kila Idi, leo asema likatwe! Nilihamaki. Nikamwambia maadamu mimi ni hai halitakatwa. Mama akasema ukaidi huu sikuutoa kwake.

Kwa kuwa mimi ni karani wa mizigo pale Kilindini, madereva wa malori nawajua. Walinielekeza kwa fundi mmoja wa Shimanzi aitwaye Kadenge, mtu wa Kaloleni, hasemi mengi. Alikuja Kizingo Jumatano na pikapu yake. Magurudumu yote manne yalikuwa yamekaa chini, na paka alikuwa amezalia kwenye kitanda chako. Kadenge akafunga magurudumu ya kuazima, akatia mnyororo, kisha akauliza nani atakayeshika usukani wa gari linalovutwa, maana breki ya mguu haifanyi kazi. Nikasema ni mimi. Akanitazama tangu ushungi mpaka viatu, akasema basi niangalie mnyororo tu. Ukilegea nivute breki ya mkono, na watu nisiwaangalie.

Na watu walikuwepo, kaka! Tulipita Moi Avenue kombi limeinama upande mmoja, pazia za Mama zikipepea madirishani, nami nimeng'ang'ania usukani na buibui langu. Dereva mmoja wa tuktuk akauliza bibi harusi anapelekwa wapi. Kule Shimanzi malori yalitubana kushoto na kulia. Mnyororo ulilegea mara mbili, na mara ya pili nilisimama shubiri moja tu nyuma ya pikapu. Lakini tulifika.

Kadenge alitaka kunitafutia injini nyingine ya mtumba, akasema hii ya zamani itamsumbua bure. Nilikataa. Nikamwambia aifungue hii hii, na aifungue mbele ya macho yangu. Yeye naye aliona ni ukaidi. Haukuwa ukaidi, Riyadh, na sasa nitakueleza.

Jumamosi aliishusha injini akaifungua chini, akaniita. Akasema injini hii haikufa kwa kumwagika oili, kama tulivyoamini sote. Oili ilikuwamo, ila haikuwa na njia ya kupanda, kwa kuwa chujio lilikuwa limezibwa. Akachomoa kwa koleo kitu cheusi, akakiosha kwa petroli. Kilikuwa kitambaa. Yakatokea maua mekundu na ukingo wa nakshi za korosho.

Kitambaa kile nakijua. Ni mimi niliyekitia.

Asubuhi ile ya Idi Pili, Baba alikutuma wewe uongeze oili. Ulikuwa hujamaliza kuvaa, ukanituma mimi. Kifuniko kilinitoka mkononi kikabingirika mtaroni. Niliogopa kuwaharibia watu Idi yao, nikachana pembe ya leso ya Mama, nikaziba tundu, nikanyamaza. Mama alipouliza nani aliyechana leso yake, nilisema panya. Kisha njiani, karibu na Takaungu, injini ikanoki, ikagonga na kuzima. Baba akaona kifuniko hakipo, akauliza mbele ya jamaa wote nani aliyetia oili. Ulinitazama mara moja. Kisha ukasema ni wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimekaa kiti cha nyuma na birika la chai mapajani. Nilimsikia Baba akikwambia kwamba kila utiwacho mkononi unakiua, na karakana yake hutaigusa tena. Sikufungua mdomo. Mwezi haukwisha ukaondoka nchini, na kwa miaka kumi na moja hukunitaja kwake wala hukuniuliza. Nami nilijidanganya kwamba kile kitambaa kilidondoka barabarani. Kama watu wa vyuma chakavu wangelikata lile gari, uongo wangu ungenifuata mpaka kaburini. Nisamehe, kaka. Niliona haya, na haya ilinishinda.

Jioni ya Jumamosi hiyo nilikipeleka kile kitambaa nyumbani nikasema yote. Mama akatoa sandukuni leso yake iliyochanika, akaviweka pamoja mbele ya Baba. Baba hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama wewe ulijua kuwa ni mimi niliyetia oili. Nikamwambia ulijua. Akainuka akaenda karakanani, na kwa siku tatu tulisikia randa yake mpaka usiku.

Siku ya nne alikuja Shimanzi na futi yake ya kupimia. Kadenge alikuwa ameshapata kranki nyingine ya kuzungusha injini, na injini ilikuwa ikinguruma. Baba akapanda ndani, akapima kitanda chako. Akaniuliza una urefu gani sasa, kwani uliondoka na miaka kumi na tisa, ulikuwa bado wakua. Sikujua. Akakaa mlangoni mwa gari, akalia, na Kadenge akajifanya anatafuta spana.

Kitanda cha zamani ameshakibomoa. Mbao mpya za msaji ziko karakanani na amekataa kuzikata. Siku utakayokuja, mimi ndiye nitakayeliendesha kombi mpaka uwanja wa ndege, na safari hii lina breki. Sasa kifungue kifurushi. Ni kile kitambaa; ni chako, ukitunze au ukichome. Ukiwa na hasira nami, niandikie hasira yako yote, ni haki yako. Ila jibu lisikose urefu wako, kwa sentimita, maana Baba ananiuliza kila atokapo msikitini.

Mama na Swafia wanakusalimu. Baba pia anakusalimu, na neno hili amenituma mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Nasiha Sufyan