Jibu Ambalo Watafiti Hawakulipata

Dukani kwa Haidari,
S.L.P. 47,
Kasulu.
9 Februari, 2025.

Mpendwa Shemeji Nurudini,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta wewe, dada Asia na watoto mkiwa wazima, na kwamba joto la Tanga mnalolilalamikia kila mwaka halijawamaliza. Goti la dada Asia linaendeleaje? Nilisikia sasa anatembelea fimbo, nikamwombea dua. Sisi huku tupo. Mvua zinanyesha, baridi ya asubuhi ipo palepale, maharage ya kwanza yameshavunwa. Mimi nimechoka, lakini hilo nitakueleza taratibu.

Utashangaa kuletewa barua na Hashimu, anayesafiri kuja huko, badala ya kupigiwa simu. Simu zako mume wangu Haidari huzipokea dukani kwa spika, wateja wote wanasikia. Na lile kundi la familia kwenye simu unalijua lilivyo, neno likiingia asubuhi, mchana limefika Kibondo likiwa na mguu na mkono. Haya ya leo nataka uyasome peke yako.

Nianze na watafiti. Utakumbuka nilikusimulia walipokuja mwaka juzi kutoka chuoni, na mizani yao na futi kama ya fundi cherehani, wakapima watu wa mtaa huu na wa kule Rungwe Mpya. Kumpima Haidari kiuno ilibidi wasichana wawili washike futi, mmoja huku na mmoja kule. Wakamwuliza anatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai. Akasema viwili, kwa uso mkavu kabisa, nami nipo nyuma ya pazia nimeshika kopo la sukari. Tulipomaliza kujibu wakatupa asante, kila nyumba kilo moja ya sukari na lita moja ya mafuta ya kupikia. Nilicheka sana siku ile. Wakati huo bado nilikuwa na nguvu za kucheka.

Jumatano iliyopita wamerudi na majibu. Wakatukusanya ukumbi wa kata, wakatuonyesha michoro ukutani. Wamegundua kwamba mtu anayeshinda kitini na kula vya kukaanga huongezeka kiuno. Wamegundua pia kwamba kiuno kikiongezeka, presha na sukari hufuata, na kwamba wale wa Rungwe Mpya wanaopanda mlima na jembe begani hawasumbuki sana na mambo hayo. Miaka miwili, Shemeji, na magari mawili. Watu wakaanza kuangaliana.

Mama Esteri, yule mjane wa Kirundi anayeuza ndagala, dagaa wa huku kwetu, pale sokoni, akanyanyua mkono.

"Mwana wanje, mwanangu," akamwambia dada aliyekuwa akiwaongoza wenzake, "hilo si mngekuja kuniuliza mimi? Ningewaambia siku hiyohiyo, mkarudi kwenu kupumzika."

Ukumbi mzima ulicheka. Yule dada hakuchukia. Alisubiri tunyamaze, kisha akasema, "Mama, tunajua kwamba mnajua. Tulichotaka kufahamu ni kwa nini mnajua na bado hamfanyi. Hicho hatujakipata."

Mimi nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo tangu mwaka jana, nikainamia viatu vyangu mpaka kikao kikaisha. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mwaka jana mwezi kama huu daktari alimwambia Haidari kwamba sukari imepanda na uzito wake utamharibia miguu. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili. Unamjua mdogo wako, msikiti anauona akiwa mlangoni kwake lakini ataita bodaboda. Siku ile aliogopa. Akaacha soda. Nikaacha kumkaangia, nikampikia mboga za majani na maharage bila mawese, naye akawa anatembea kila asubuhi mpaka stendi na kurudi. Kufika mwezi wa saba alikuwa na kilo tisini na sita. Akawa anapanda ngazi za stoo bila kushika ukuta. Hata kukoroma aliacha, na mimi nikapata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Basi maneno yakaanza. Huku kwetu mwenye duka akikonda, hakuna anayeuliza daktari kasema nini. Wateja waliuliza kama duka linafungwa. Wengine walinong'ona kwamba ameanza dozi za ule ugonjwa. Mzee Bazilio wa mashine ya kukoboa alikuja kumpa pole, akakaa saa nzima ameshika tama kama yuko msibani. Yote hayo Haidari aliyameza. Kisha ikaja harusi ya binti yetu Firdausi, mwezi wa nane, picha zikaingia kwenye kundi la familia, kanzu inamning'inia baba wa watu, na wewe ukaandika, "Mbona mdogo wangu kaisha hivi? Huko analishwa kweli?"

Najua uliandika kwa mapenzi. Lakini wewe ndiye mkubwa wao tangu marehemu baba atutoke, na neno lako hawalipingi. Wakafuatia chini yake mashangazi na binamu, hata wasioijua sura yangu, kila mmoja na pole yake kwa Haidari na swali lake kwangu. Siku ya nne wifi Adija akashuka kutoka Kibondo na dumu la mawese na majogoo mawili. Akamshika kaka yake shavu mbele yangu, akanitazama, asiseme kitu. Heri angesema.

Sasa nikueleze lililo zito. Ningeweza kumwonyesha Adija cheti cha daktari, kilikuwa kabatini. Sikukitoa. Niliingia jikoni nikapika pilau, nikapika chapati za kumwaga mafuta, nikachinjisha jogoo wa kwanza na wa pili, nikaijaza sahani ya mume wangu mbele ya dada yake. Alipotaka kuacha nikamwongezea. Siku tisa nilifanya hivyo kwa mikono yangu, Shemeji, kwa sababu niliona aibu kuitwa mke anayemnyima mume chakula. Adija aliondoka akinisifu. Haidari hajarudi kwenye mboga zake mpaka leo. Nikimsihi ananiambia hataki kuona ndugu zake wakinisema tena.

Leo ana kilo mia moja na kumi na tano. Mwezi wa kumi na mbili kiatu kilimchubua kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidogo tu, na kidonda hicho hakijafunga. Wiki iliyopita tulikwenda Kabanga, hospitali. Daktari alizungumza naye kwa upole mno, na upole ule ndio ulionitia hofu. Amesema sukari isiposhuka na uzito usipopungua, watakata kidole, na wakianza hawajui wataishia wapi. Tunarudi tarehe ishirini na nane. Ramadhani inaingia siku hizohizo, na futari za nyumba hii unazijua, mwenyewe umezila.

Yule dada wa chuoni nitampa jibu lake nikimwona tena. Tunajua na hatufanyi kwa sababu tunaogopa ndugu watasema nini.

Ninakuomba jambo moja. Andika palepale kwenye kundi, wote wasome, kwamba umesikia habari ya daktari na kwamba wewe kaka yake unamtaka akonde. Ukiona vigumu kusema ulikosea, usiseme, mimi sikudai hilo. Nami nimekosa kukushinda. Mimi nautaka mguu wake tu.

Nisalimie sana dada Asia, mwambie ndoo za maji awaachie watoto. Msalimie mwanenu Saady na mkewe, na yule mjukuu mpya ambaye sijamtia machoni. Firdausi anakupa shikamoo, na Mama Esteri naye hakosi kukuulizia kila nikipita sokoni. Mwenyezi Mungu awape afya, awazidishie heri, na atufikishe sote Ramadhani tukiwa salama.

Kesho naanza kuipunguza sahani ya Haidari, uandike usiandike. Ukiandika, atakula kidogo na roho yake itatulia. Usipoandika atanikasirikia, na nyote mtanisema, lakini atakuwa na miguu miwili ya kuja nayo Tanga kunishtaki kwako.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu,
Asmahani binti Hamis