Boriti za Mwezi Mpevu

Jumatatu, 20 Julai 1964

Asubuhi mawingu. Kusi kali, manyunyu saa moja. Darasa la tatu tumesomea tena kwenye baraza ya msikiti, ubao umeegemezwa birikani. Wiki ya kumi tangu mvua iangushe paa la shule.

Kamati ya ujenzi imenipa ukatibu kwa kuwa nimefika sekondari. Mwalimu Mkuu anataka paa liwe juu kabla Afisa wa Elimu hajaja Septemba. Kasema niwaandikie Bodo haraka, ndiko zitokako boriti za mikoko. Bwana Omari, msimamizi wa wakataji, alikuwa ametuma salamu: boriti hukatwa kiza cha mwezi, kisha hulazwa topeni hadi kiza kijacho, ndipo zisiliwe na wadudu. Nimetazama kalenda. Kiza ni Agosti. Tutachelewa. Na mwezi mpevu nao una bamvua, maji yatajaa, mitumbwi itaingia. Ijumaa hii basi.

Nimeandika: "Zikatwe Ijumaa, zije Jumapili. Habari za mwezi ni ushirikina, nasi sasa tu watu huru." Nikatia sahihi kwa niaba ya shule. Mwalimu Mkuu hakuisoma. Nakala nimeiweka failini. Nimependezwa nayo.

Jumapili, 26 Julai

Jua. Boriti sitini zimefika. Watu wa Bodo wamezibeba mabegani kutoka barabara kuu. Mbichi, zinatoka maji mekundu. Bwana Omari akaniambia, "Mwalimu, barua yako nimesomewa mara mbili. Wanasema ina hati nzuri." Nilidhani ananisifu.

Jumamosi, 15 Agosti

Upepo, jua. Paa limekwisha. Wanawake wa Msambweni wameshona makuti siku tisa, Mama Zuhura akiwaongoza na kuwatania wavivu. Wakata miwa wa Ramisi wamekuja siku yao ya kupumzika. Muhogo na samaki kwa wote. Majina ya waliokuja yamejaza kurasa nne.

Fatuma, binti wa Bwana Omari, kachagua dawati chini ya boriti ya kati. "Hii kaikata baba."

Jumatano, 2 Septemba

Afisa kaja, kasifu. Mwalimu Mkuu kanitaja kwa jina mbele ya wazee. Nimeona fahari.

Jumatatu, 19 Oktoba

Joto tangu alfajiri. Unga wa manjano juu ya madawati. Nikadhani chaki, nikapangusa. Baada ya saa sita umerudi. Watoto walipotoka nikasikia boriti zikitafunwa, kru, kru, kama mtu alaye bisi. Dumuzi.

Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mvua ndogo. Boriti ya kati imevunjika katikati ya hesabu. Ililia kwanza, tukapata kutoka. Hakuna aliyeumia. Siku kumi nilijua unga ule ni nini, nami nikawaketisha watoto chini ya boriti ile.

Tumerudi barazani. Jioni nimeitoa nakala ya barua failini, nimeificha humu. Nisijidanganye kwamba nilichanganyikiwa. Niliangalia mlango kwanza.

Jumapili, 1 Novemba

Mawingu. Mkutano wa kamati. Watu wamekasirika, na haki yao. Mama Zuhura kamwambia Bwana Omari, "Tumeshona makuti mpaka vidole vikatoka damu, nyinyi mkatuletea kuni!"

"Kuni si hizi, mama. Kuni huwaka."

Hakuna aliyecheka. Wakamwuliza kwa nini kaleta boriti mbovu. Kasema, "Tulikata tulivyoambiwa." Na nani? Akanitazama, kisha akatazama miguu yake.  Nami nikainamia karatasi, kalamu mkononi.

Imeamuliwa Bodo wakate sitini nyingine kiza hiki, peke yao, bila wa kuwasaidia kubeba na bila chakula cha shule. Ni aibu kubwa. Kazi ya harambee haifanywi kwa njaa. Nikaandika kumbukumbu kwa mkono wangu: "Bodo wamekiri kosa." Hawakukiri kitu.

Jumatatu, 2 Novemba

Sikuangalia hali ya hewa. Fatuma alipofika barazani wenzake wakaimba, "Dumuzi kaja, shikeni paa!" Kageuka, kaenda zake. Nilikuwa na chaki mkononi. Sikumkemea hata mmoja.

Mama kaniuliza kama nina homa. Nimesema la. 

Jumanne, 3 Novemba

Mvua asubuhi, ikakatika. Nimemwomba Mwalimu Mkuu aite kamati, na Bwana Omari aitwe. Alasiri nimesimama nikaisoma barua yote. Nilipofika "watu huru" nikakosea, nikaanza tena. Nimesema pia ya kumbukumbu, na ya unga.

Mwalimu Mkuu alivua miwani, hakuivaa tena. Mama Zuhura kasema, "Kumbe dumuzi tunaye humu humu!" Wakacheka. Ilinistahili.

Nikamwuliza Bwana Omari mbona hakuitaja barua. Kajibu bila hasira, "Mwalimu, mimi sijui kusoma, na karatasi yenyewe ililowa huko mikokoni. Ningesema imeandikwa, nawe useme haikuandikwa, angeaminiwa nani?"

 Nikamwuliza mbona alikubali kukata, naye akijua. "Tulipata uhuru juzi tu. Nikikataa karatasi ya shule, si nitaitwa adui wa shule?"

Wameniondoa ukatibu. Hukumu ya Bodo imefutwa, vijiji vyote vitakwenda kubeba. Nimekata ule mstari wa uongo, nikatia sahihi pembeni.

Ijumaa, 6 Novemba

Joto, bahari shwari. Bodo. Matope hadi magotini. Wao wanakata, sisi tunavuta. Boriti sitini zimelazwa topeni. Wanawake wa Bodo wametupikia. Walinipakulia sawa na wengine, na hilo ndilo lililoniuma.

Sijui kama ni mwezi, au tope, au haraka yangu. Sikuuliza wakati wa kuuliza.

Jumamosi, 5 Desemba

Asubuhi nyeupe, hakuna wingu. Boriti zimetolewa topeni jana, leo tumezibeba. Zimelazwa kivulini nyuma ya shule zikauke. Paa litapandishwa kabla shule haijafunguliwa Januari. Bega la kulia limechubuka.

Fatuma kaja na baba yake kuchukua ripoti. Ameshika nafasi ya nne, licha ya siku alizokosa. Shikamoo, mwalimu. Marahaba. Basi. Bwana Omari kaitazama ile karatasi, kaishika sawasawa, kaniomba nimsomee. Nikamsomea mara mbili.

Hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Sikuuliza. Nakala ya barua nimeirudisha failini, mahali pake.

Nimelala saa tatu kasorobo.